Kufuli kwenye Bomba la Shule

4 Machi

Wifi yangu wa ng'ambo,

Habari za kwenye baridi yako? Sisi huku wazima. Kaka yako yupo, na friji mbovu za watu zimejaa sebuleni hadi wageni tunawakalisha juu yake. Mwanetu, Wajina wako, ameng'oka meno mawili ya mbele na anaringa utadhani ndiye wa kwanza duniani kung'oka. Anasema shangazi yake akipiga simu atampigia mluzi kwa pengo.

Flashi ya masomo imefika na mfuko wa barua wa chuo. Mlifanya la maana kuamua kututumia masomo hivi, maana kwa mtandao wa hapa ningezeekea kwenye somo la kwanza. Darasa langu ni stoo ya kituo cha afya: katoni za glovu huku, mizani ya watoto kule, na ile kompyuta mliyonikopesha juu ya maboksi ya sabuni. Mzee wa Takwimu, mkufunzi wenu yule wa miwani ya kuning'inia shingoni, anafundisha vizuri ila anakimbia. Namrudisha nyuma kila dakika, na uzuri wa video ni kwamba hawezi kukasirika.

Nimeshika ahadi yetu. Wewe ni mratibu wa ubia wa vyuo hivi vitatu na mimi ni mwanafunzi, na watu wana midomo. Kwa hiyo mambo ya masomo ni kwa maandishi tu, yakae wazi kwa yeyote atakayeuliza. Simu za Jumapili ni za nyumbani.

Usinione natania. Mara mbili nimekosa kuwa afisa afya mkuu wa kata kwa kukosa stashahada. Mara ya pili aliyepewa kazi nilimfundisha mimi, mpaka namna ya kushika chupa ya kupimia, kisha nikawa namwita bosi. Sasa amehama, na kiti kitajazwa mwisho wa mwaka. Safari hii nakitaka, wifi, na nitakipata.

Kazi yetu ya vitendo ni kupima maji ya kunywa. Zile chupa zenu ndogo zenye dawa zimefika salama: unatia maji, unaweka kabatini, yakigeuka meusi ujue yamekutana na choo. Nitapima kisima cha soko, bomba la kituo, na bomba la uani pale shuleni kwa Wajina. Mwalimu mkuu ametia saini, nami nimetia, kwamba matokeo hayatoki kwa mtu hadi kamati ya maadili ya vyuo vyote vitatu iridhie.

Wifi yako,
Mama Klorini (ndivyo mtaa mzima unavyoniita siku hizi, hata muuza duka)


13 Machi

Mama Klorini,

Jina limekukaa kuliko ulilopewa na wazazi. Nimecheka hadi mwenzangu wa meza ya pili akauliza kuna nini, nikashindwa kumweleza.

Huku mimi na saa zangu tatu ukutani, moja ya hapa, moja ya kwenu, na ya tatu ya nchi ile nyingine tuliyoungana nayo. Ya kwenu imesimama tangu wiki iliyopita na fundi wa jengo ananizungusha. Mwambie kaka yangu aje.

Nimefurahi kwamba umeweka ile saini kwa moyo mmoja. Wanafunzi wengine wanaona ni usumbufu wa watu wa ofisini, kwa hiyo nikueleze ilitoka wapi. Mwaka wa kwanza wa ubia, mwanafunzi wa ile nchi nyingine alitangaza kwamba kisima cha mtu ni kichafu kabla hatujahakiki. Kumbe chupa zilipigwa jua garini zikaharibika. Maji yalikuwa safi kabisa. Mwenye kisima alishavunjiwa nyumba na majirani zake, na mimi ndiye niliyeandika barua ya kumwomba radhi. Sijui kama umewahi kuandika barua ambayo kila neno unaloweka ni la kijinga. Tangu hapo sheria ni hiyo, na mimi ndiye niliyeipigania.

Halafu wafadhili wanakuja kutukagua mwezi wa tano. Wakikuta mwanafunzi mmoja amekwenda kinyume, wanafunga mkoba wao, na nyote mnabaki na vyeti nusu. Kwa hiyo kaza buti, ila kaza ndani ya mstari.

Soksi ni za Wajina. Ni za sufu, najua huko hazina kazi, azivae kitandani ajidai.

Wifi yako,
Mratibu


22 Machi

Wifi,

Leo sina utani.

Bomba la shule limetoa chupa nyeusi tii. Nilidhani nimekosea, nikarudia. Nikarudia tena kwa chupa za boksi jingine, ambazo hazijaona jua tangu zitoke kwako. Kisima cha soko, safi. Kituo, safi. Shule, nyeusi.

Nimekwenda kutazama. Wamechimba vyoo vipya nyuma ya madarasa, na shimo la mwisho limekaa juu kabisa ya njia ya bomba. Bomba lenyewe la zamani, limeshika kutu. Mvua imeanza. Huhitaji Mzee wa Takwimu kukwambia kinachoendelea huko chini.

Naomba ruhusa ya kamati nimwambie mwalimu mkuu na kulifunga. Fomu ya maombi nimeijaza, iko kwenye mfuko huuhuu pamoja na picha za chupa. Ningeweza kwenda kama afisa afya kwa ukaguzi wa kawaida, na nimejaribu: mwalimu mkuu amesema watoto wana mitihani, nije mwezi ujao. Bila kumwambia ninachokijua sina cha kumshikia. Na vipimo vya ofisi yetu viliisha zamani, hizi chupa zenu ndizo pekee.

Sijamwambia mtu, hata kaka yako. Naomba jibu la haraka, wifi, tafadhali.

Wifi yako


29 Machi

Wifi yangu,

Nimepokea. Siku hiyohiyo nilipeleka maombi yako kwa mikono yangu mpaka mlangoni kwa mwenyekiti wa kamati. Picha ni nzuri, kazi ni nzuri, na nilijivuna kimyakimya, maana hapa hawajui kwamba u wifi yangu zaidi ya yule aliyeniajiri.

Kamati inakaa katikati ya Aprili. Nimewabembeleza wakae mapema, lakini wa kwenu wako likizo na bila wao kikao hakitimii. Kwa hiyo subiri kidogo. Najua ni vigumu. Mpaka hapo usimwambie mtu yeyote, hata ndani ya nyumba. Tukishaanza kubagua nani aambiwe na nani asiambiwe, tunarudi kulekule kwa yule mwenye kisima.

Watoto wamekunywa maji hayo tangu vyoo vichimbwe na hakuna aliyeugua, au sivyo? Wiki mbili zitapita.

Jikaze kisabuni, Mama Klorini.

Mratibu


11 Aprili

Mratibu,

Leo asubuhi nimefunga bomba la shule kwa mnyororo na kufuli. Nimemweleza mwalimu mkuu matokeo yote na kumwonyesha chupa. Wazazi wameambiwa pia.

Sikungoja kamati. Nimevunja ahadi niliyoitia saini, na sina la kujitetea.

Wajina hajambo, anakusalimu.

Afisa afya msaidizi


18 Aprili

Wifi,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta ulikoficha maelezo. Hayamo. Mistari michache tu, na jina la cheo chini yake utadhani unamwandikia mtu wa posta.

Mwalimu mkuu wenu ametuandikia sisi na chuo chenu. Anasema umemdhalilisha mbele ya wazazi baada ya kumwahidi siri, na kwamba ulikaa juu ya sementi ya bomba ukakataa kuondoka. Hivi unajua barua hiyo imefika mikononi mwa nani? Imefika kwa kamati nzima, wiki ileile waliyopanga kukaa kwa ajili yako. Ulibakiza siku za kuhesabu kwa vidole. Umenivua nguo mbele ya wenzangu, na mimi ndiye niliyewaambia kwamba wanafunzi wa upande wenu wanaaminika.

Nitasema linalonikaa rohoni. Nimejiuliza ni nini kilichokukimbiza hivyo, na jibu ninaloliona silipendi. Kiti kiko wazi. Mtu anayefunga bomba mbele ya wazazi wote anajulikana kata nzima kabla ya jioni. Kama ni hilo, ungeniambia tu.

Na simu ya Jumapili ile! Kaka hayupo, Wajina amelala saa za mchana, wewe una haraka. Sikuzoea kufukuzwa kwenye simu na watu wangu. Hata soksi hukusema kama zilifika.

Taarifa ya kosa lako nimeiandika mwenyewe, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kikao ni mwezi wa tano. Mapendekezo niliyoweka ni kuondolewa masomoni.

Mratibu


26 Aprili

Dada, salamu.

Mimi si mtu wa barua, mimi ni mtu wa bisibisi, kwa hiyo utavumilia mwandiko. Mke wangu hajui kama naandika. Nimempa dereva wa mfuko wa chuo feni niliyomtengenezea bure ili barua hii iingie.

Nilimwona akiitoa barua yako. Aliisoma amesimama. Halafu akaikunja, akaenda kufua nguo zilizokuwa safi. Nikaichukua nikaisoma. Utanisamehe au usinisamehe, shauri yako.

Umemwandikia kwamba anatafuta kiti. Dada, mwanao alikuwa wodini. Jumapili ile uliyopiga simu, "amelala" maana yake amelala na dripu mkononi, macho yameingia ndani, hata jina lake akiitwa haitiki. Na mimi "sipo" maana yake nilikuwa nje ya mlango wa wodi nalia kama mwehu, sikutaka unisikie. Si yeye peke yake. Watoto wa darasa lao walikuwa kwenye kila kitanda, wawili wawili. Mwenzake wa dawati moja alikimbizwa hospitali kubwa na hajarudi bado, ingawa wanasema anaendelea vizuri.

Wajina alipofumbua macho na kuomba maji, mama yake alimnywesha, akanikabidhi kikombe, akatoka. Kumbe alikwenda karakana kwangu. Nikamkuta kule anachambua makufuli, anataka kubwa kuliko yote na mnyororo. Nikamuuliza nani kaibiwa. Alikwenda moja kwa moja shuleni, akafunga, akaketi pale. Mwalimu mkuu alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mke wangu alimwambia neno moja tu, "Lete fundi bomba." Aliondoka fundi alipofika.

Jioni ndipo aliponieleza kuhusu chupa na saini yenu. Nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia, ulijua? Ulijua na mtoto anatoka hapa kila asubuhi? Siku ya tatu ndiyo nikaweza kula naye tena.

Nilimuuliza kwa nini hakukuambia. Akasema, akijua aliyeugua ni mtoto wa kaka yake atashindwa kuandika taarifa vizuri, na akiandika vizuri itamuua. Ndivyo alivyosema. Nyinyi wanawake wawili mmeumbwa kwa chuma gani?

Wajina amepona. Amekonda, ila mdomo umerudi wote. Soksi amezivaa wodini siku zote, hata nesi alishindwa kumvua.

Kaka yako,
Fundi


3 Mei

Wifi yangu, mama wa Wajina wangu,

Kaka ameniandikia. Usimgombeze.

Ungepiga simu. Najua ahadi yetu, najua nani aliyeisisitiza, lakini ungepiga simu! Ungesema tu "mtoto anaumwa", hilo si la masomo, hilo ni la nyumbani. Nimekaa hapa na barua ile niliyokuandikia, nimeisoma tena kwenye nakala, na pale nilipotaja soksi nimeshindwa kuendelea.

Niambie jambo moja kwa sababu linanitafuna. Nilipoandika "hata ndani ya nyumba", nilikuwa naandika lugha ya ofisi. Sikuwaza hata kidogo kwamba utalishika hivyo. Nilidhani utamjazia Wajina chupa ya maji ya nyumbani, utafunga begi, na hakuna atakayejua. Mama yeyote angefanya hivyo. Mimi ningefanya. Kwa nini hukufanya? Nililala kwa amani kwa sababu niliamini umefanya, na sasa naona uzuri wa usingizi wangu: niliwaacha watoto wa wengine, nikiamini wetu yuko salama.

Nimekwenda kwa mwenyekiti. Nimemwambia kwa kinywa changu kwamba mwanafunzi huyu ni mke wa kaka yangu na mgonjwa mmojawapo ni wajina wangu. Wajumbe waliokuwapo walinikodolea macho. Nimejitoa kwenye kura. Pendekezo la kukuondoa nimelifuta, na nimeomba nafasi ya kusema kama shahidi. Wafadhili watakuwa wamekaa humohumo chumbani. Wakitaka kufunga mkoba, waufunge wakiwa wamesikia.

Nitawaomba wakuhurumie, wifi. Nitapiga magoti ikibidi.

Wako


12 Mei

Wifi,

Usipige magoti. Sakafu za huko ni baridi, utaumwa, na mimi sina muda wa kuja kukuuguza.

Kaka yako nimeshamgombeza. Na feni ya dereva ni ya jirani, kumbe aliitoa bila kuuliza, sasa ana kesi nyingine.

Umeuliza, nakujibu mara moja, tusirudie tena. Nilijaza chupa. Siku niliyopata barua yako niliijaza maji ya kuchemsha, nikaitia kwenye begi la Wajina. Akatoka. Nikamkimbilia hadi kona ya muuza duka, nikaitoa. Aliniuliza, mama kwa nini? Nikasema inavuja.

Unamjua mtoto yule, hana siri. Wenzake wangemuuliza kwa nini hanywi bombani, naye angesema mama kanikataza. Kabla ya mchana kila mzazi angejua kwamba Mama Klorini anajua kitu, ameokoa wake, na wa wenzake ameacha. Watu hao hunifungulia milango yao, wifi. Nachungulia vyoo vyao, nanusa mapipa yao, wananiruhusu kwa sababu ninachowaambia wao ndicho ninachofanya kwangu. Sikuweza. Nikajisemea, ama tunywe wote ama tuache wote, na kamati itakaa karibuni. Hapo ndipo nilipokosea. Sikukosea kumtendea sawa na wenzake. Nilikosea kuchagua "tunywe wote".

Nimelia vya kutosha, kazi ipo. Sasa nisikilize. Usiwaombe wanihurumie. Ukiomba huruma watanipa mimi, kisha mwakani mwanafunzi mwingine ataketi mahali pengine na chupa nyeusi mkononi akingoja watu warudi likizo. Waambie sheria ina tundu. Yule mwenye kisima alihitaji kulindwa na kosa letu, sawa, na watoto hawa walihitaji kulindwa na kimya chetu. Waandike mstari mmoja: kukiwa na hatari kwa uhai, mwanafunzi anarudia kipimo na kusema siku hiyohiyo. Wakishauandika, wanifukuze wakitaka. Nitajiunga upya, nitasoma tena kuanzia video ya kwanza, Mzee wa Takwimu atanikoma.

Na kiti? Ndiyo, nakitaka. Ulikuwa sahihi hapo. Nakitaka zaidi ya nilivyokitaka Machi, kwa sababu afisa afya mkuu haombi ruhusa ya ukaguzi kwa mwalimu mkuu.

Mama Klorini


31 Mei

Mama Klorini,

Kikao kimekwisha na sauti imenikauka. Nilisema kama ulivyoniagiza. Sikuomba huruma. Niliwasomea aya yako ya "ama tunywe wote", na Mzee wa Takwimu alivua miwani yake.

Walibishana, usidhani walinyamaza wote. Mmoja alisema tukifungua mlango huu kila mwanafunzi atajiona ni mtabiri wa majanga. Na hakuwa mjinga, alikumbuka ile nyumba iliyovunjwa, kama mimi. Mwishowe mstari wako umeandikwa, karibu neno kwa neno: kurudia kipimo, kisha kusema siku hiyohiyo. Unaanza kutumika mwezi ujao kwa nchi zote tatu. Wafadhili wamebaki. Mmoja aliomba picha ya kufuli.

Sasa lililo chungu. Ahadi uliivunja ilipokuwa bado ahadi, kwa hiyo kazi yako ya vitendo imefutwa, chupa nyeusi na safi zote. Hukufukuzwa. Unarudia somo hilo kwa mtihani wa maandishi, na ukifaulu matokeo yatatoka kabla ya kiti kujazwa, ila kwa kukimbizana. Mimi siruhusiwi kuutunga wala kuusahihisha, na ndivyo inavyotakiwa. Ametunga Mzee wa Takwimu. Sijausoma, uko kwenye flashi.

Saa ya kwenu imetengenezwa. Nimeipandia kiti mwenyewe, baada ya kaka kunielekeza kwa simu Jumapili. Alitukana sana, lakini inatembea.

Wifi yako


21 Juni

Wifi yangu wa ng'ambo,

Mtihani huo nimeumaliza, uko kwenye mfuko huu umefungwa kwa gundi, usichungulie.

Bomba la shule limepitishwa njia mpya, mbali na vyoo, na plastiki mpya yote. Nilipima kwa chupa mlizotuongezea, na safari hii nilizipanga dirishani kwa mwalimu mkuu azione zinavyobaki safi. Alinikaribisha kiti. Hatujawa marafiki, lakini kiti alinipa. Kufuli nimelirudisha karakana, na kaka yako amelitundika ukutani, anawaambia wateja lina historia. Yule mwenzake Wajina wa dawati moja amerudi shule juzi. Wamegawana soksi, moja moja kila mtu, nimewaacha.

Nilifungua flashi stooni asubuhi, kabla ya wagonjwa. Mzee wa Takwimu ametunga swali moja tu, refu. Anasema kuna shule, haitaji wapi. Ina bomba uani na vyoo vipya nyuma yake. Kuna mwanafunzi wa masomo ya mbali, amepima maji na chupa zimegeuka nyeusi. Mtoto wake anasoma hapo. Niliinuka nikafunga mlango, nikakaa tena juu ya boksi la sabuni, nikasoma upya tangu mwanzo.

Kisha anauliza: ungemwambia nani kwanza?

Ameacha nafasi ya kurasa mbili, wifi. Nimejaza mistari mitatu, na akininyima maksi kwa ufupi nitarudia tena. Nimeandika hivi: "Ningekwenda shuleni siku hiyohiyo, watoto wakiwa wamepanga mstari asubuhi, niwaambie wote kwa pamoja wasinywe. Wangu angesikia pamoja na wenzake. Anasimama mbele kabisa, kwa sababu ni mfupi."

Wifi yako,
Mama Klorini